Bandi Isiyofumuliwa

Nyie vijana mnaokata picha za filamu siku hizi mna kompyuta nzuri, mna viti vya kuzunguka, na masikio yenu yamekufa. Nimeanza na hilo ili asiyetaka kusikia aache kusoma mapema aende zake.

Mimi shule niliishia darasa la nne, huko Mpwapwa. Kiingereza cha kwenye kompyuta nilikijua kwa sura tu, kama mchungaji anavyojua chapa za ng'ombe. Lakini nimekata harusi, misiba, matangazo ya mbolea, tamthilia, na filamu za watu ambao leo wakipita hapa Nkuhungu, Dodoma, na magari yao wanapandisha vioo. Hakuna aliyewahi kunirudishia kazi akasema picha zinaruka. Sasa macho yamechoka, nimekaa nyumbani naangalia televisheni. Ndiyo adhabu yenyewe hiyo.

Juzi nimeangalia tamthilia moja. Watu wanafukuzwa kwenye nyumba yao, vyombo vinatupwa nje, na muziki ni ule ule wa jana yake, ambapo watu walikuwa wanachumbiana. Kinanda kinadondoka tone, tone, tone, kama bomba bovu. Mjukuu wangu wa kike akaniambia, "Babu, huo ndio muziki wa huzuni."

"Huzuni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya yeyote tu, babu."

Hapo nikazima televisheni. Ya yeyote tu! Huyo mtoto hana kosa, ndivyo mlivyomlea.

Nataka niwaambie kuhusu bandi. Fundi cherehani akishakata kitambaa, haendi moja kwa moja kwenye mashine. Kwanza anakishikiza kwa mkono, mishono mirefu mirefu ya haraka, aone nguo inavyokaa mwilini. Huko ndiko kupiga bandi. Akishashona vizuri, ule uzi wa bandi anaufumua, anautupa. Sisi tuliokata picha tulikuwa na bandi yetu. Wakati unakata, mtunzi wa muziki bado yuko kwake anahangaika, na picha bila sauti yoyote ni ngumu kujua mwendo wake. Basi unaazima muziki wowote, unauweka chini ya picha, unakatia hapo. Mtunzi akileta wa kwake, ule wa kuazima unautoa. Mkishindwa kuelewa hilo mmeshindwa kazi nzima.

Jina hilo la bandi sikulitunga mimi. Lilikuwa la Bi. Zuhura, mwalimu wangu, na kama kuna mtu alinitoa kwenye kubeba magunia ni yeye. Alikuwa na studio ya video Majengo, nyuma ya wauza nafaka. Mtoto wa fundi cherehani, watu wa mjini wa zamani, wale ambao babu zao walikuja na misafara wakaona hapa panafaa wakakaa. Mimi nilikuwa kibarua wa kushusha mtama kwenye maroli. Siku moja kijana wake wa kubeba betri hakuja, akanishika shati, "We mwenye mabega, njoo." Sikurudi tena kwenye magunia.

Enzi hizo tulikuwa na deki mbili. Moja inacheza mkanda, nyingine inarekodi, na wewe uko katikati kidole huku kidole kule kama mtu anayekamua mbuzi wawili. Ukikosea unarudi nyuma. Vumbi la mtama likiingia kwenye deki, picha inapata mvua. Bi. Zuhura alikuwa anasafisha vichwa vya deki kwa kitambaa na marashi, na akikuona umekaa tu anakwambia, "Kaa hivyo hivyo, Mgogo, mkanda utajikata wenyewe kwa huruma."

Sasa kulikuwa na harusi ya pale pale Majengo, familia ya watu wa swala tano, wanaheshimika. Nikawa nakata sehemu bibi harusi anapoingia. Mwendo wake ulikuwa mzuri, wa polepole, lakini sikujua nikate wapi. Nikachukua kanda ya kwaya ya kanisani kwetu, ile ngoma yao ikaingia sawasawa na hatua zake. Bandi tu hiyo. Nikakata kazi ikapendeza. Halafu haraka ikaingia, ndugu wa bwana harusi wanataka mkanda wao kabla hawajasafiri, nikaufunga nikawapa.

Wazee wamekaa sebuleni kuangalia mkanda, shehe yupo, akina mama wamejipanga. Bibi harusi anaingia, na kwaya inampokea kwa haleluya.

Bi. Zuhura alikuja studio amevua ushungi, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. "We kiumbe," akasema, "umenibatizia watu!" Alinipiga na ganda la mkanda. Halafu akakaa kwenye stuli akacheka mpaka akatokwa machozi, halafu akanipiga tena.

Tukaweka kaswida, tukaomba radhi, yakaisha. Lakini sikilizeni kilichofuata, maana ndicho ninachotaka kusema. Baada ya muda mama wa bibi harusi akapita studio, akachungulia huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii kaswida ni nzuri, sina neno. Ila mwanangu alikuwa anatembea vizuri zaidi kwenye ile ya kwanza. Usiseme nimesema."

Mnaona? Mama mcha Mungu, ameudhika mbele ya ukoo wake mzima, na bado sikio lake lilishapita njia ile. Bi. Zuhura nilipomweleza hakucheka. Akasema, "Ndiyo maana mteja haonyeshwi nguo yenye bandi. Ataipenda na nyuzi zake."

Nikaishika hiyo. Kuanzia hapo nilikuwa na masharti yangu, na nitawapa bure. Kata kwanza bila muziki kabisa. Kama picha haiendi bila muziki, haiendi. Utakuwa unamvalisha maiti koti. Ukishakata, zima sauti uangalie, halafu fumba macho usikilize. Ukilazimika kuweka bandi, weka kitu ambacho hakuna binadamu atakayekipenda. Mimi nilirekodi mashine ya kusaga, pale pale Majengo. Ina mwendo, haichoki, na nafaka ikikaribia kwisha inapandisha sauti, kwa hiyo watu wakikimbizana inafaa sana. Jamaa mmoja wa Dar aliwahi kukaa nyuma yangu anatikisa kichwa. "Mzee, hawa ni akina nani wanapiga?"

"Mahindi," nikamjibu.

Na sharti la mwisho: picha yenye bandi haitoki chumbani. Haitoki kwa flashi, haitoki kwa simu, haitoki.

Nimelinda masharti hayo miaka yangu yote ya kazi. Yalivunjika mara moja, na mara hiyo moja imenitosha.

Serikali ilipohamia huku, kampuni za picha nazo zikaja. Ndipo nikampata Josia. Kijana amesoma chuo hapa hapa Dodoma, mkurugenzi wa filamu, shikamoo haimkauki mdomoni, na kamera anaijua, simnyimi haki yake. Alikuwa anatengeneza filamu ya mwaka wa ukame. Ndani yake kuna sehemu moja ambayo filamu nzima imeegemea pale: wanaume wamehama na ng'ombe kutafuta maji, mtoto anakufa, mama anamzika peke yake.

Alileta mwigizaji kutoka Dar. Analia vizuri, machozi yanateremka mstari mmoja, kucha kama vijiko. Wakaenda kupiga picha kijijini Buigiri, wakarudia, wakarudia, haikai. Pembeni kulikuwa na mama wa pale aliyekuja kuwauzia karanga. Akaweka ungo chini, akamwambia Josia, "Baba, mimi kuigiza sijui. Lakini kama mnataka kuona mtoto anavyozikwa, nitawaonyesha. Mara moja tu. Msiniambie nirudie."

Huyo ni Mama Yona. Yona alikuwa mtoto wake pekee. Alikufa kwa homa, hajaanza shule. Hawakuwa hata na picha yake.

Alionyesha mara moja. Nimeangalia vilio vingi kwenye kazi hii, najua cha kweli na cha kitunguu. Ule mkanda ulipofika mezani kwangu niliuangalia mara ya kwanza nikatoka nje, nikasimama juani.

Mume wake ni Ndahani. Haoni tangu utotoni. Aliletwa Buigiri akiwa mdogo kusoma shule ya watoto wasioona, akaoa pale pale, akabaki. Anapiga zeze. Sisemi anapiga zeze kama wale wanaopangwa uwanja wa ndege kupokea wageni. Anapiga zeze mpaka mbwa wanalala. Mimi ndiye niliyemwambia Josia amchukue atunge muziki wa filamu, na Josia akakubali kwa mikono miwili, akasema ndiyo asili anayoitafuta.

Ndahani alinijibu kwa masharti. "Sehemu nyingine zote nitawatungia. Ile ya mama yake Yona sitatunga. Kuna kitu nilikuwa nampigia mtoto akiumwa, ili alale. Sijawahi kukipiga mbele ya watu tangu amekufa. Hicho ndicho kitakaa pale. Kama hamkitaki, semeni sasa."

Josia akamshika mkono. "Tunakitaka, baba."

Tulifanya kazi namna hii, na mtanisamehe nikijisifu kidogo, maana sijaona wengine wakifanya. Ndahani anakaa kwenye kiti kando yangu, goti kwa goti. Picha inatembea, mimi namwambia kinachoonekana, na kila ninapokata kwenda picha nyingine nambonyeza goti.

"Ameinama. Mkono umeingia kwenye udongo."

"Udongo gani?"

"Mwekundu."

"Rangi ya nini mimi? Mkavu au una maji?"

"Mkavu. Unapeperuka."

"Basi nitapiga kavu." Halafu baada ya kitambo, "Rudisha. Pale uliponibonyeza umewahi. Bado alikuwa anavuta pumzi."

Nikarudisha, nikasikiliza macho nimeyafumba. Kweli nilikuwa nimewahi. Kipofu alinisahihisha mahali pa kukata, na nilifurahi kama mtoto.

Lakini kabla hajaja kukaa na mimi kulikuwa na majuma ambayo nilikuwa peke yangu na picha, na pale kaburini nilihitaji bandi. Mashine ya kusaga nisingeiweka chini ya Mama Yona. Kuna mambo mtu hafanyi hata akiwa peke yake. Nikatafuta kwenye simu yangu nikakuta sauti niliyoirekodi huko Chamwino wakati uwele umekomaa. Wanawake wako juu ya madungu, vile vichanja vya kulindia shamba, mbali, kila mmoja kwenye shamba lake, wanaimba kupokezana wakifukuza ndege. Upepo umemeza mlio wa madebe wanayopiga, zimebaki sauti zao tu. Ukiisikia bila kujua lugha, utadhani wanaomboleza. Sisi tunaojua Kigogo tunajua kwamba wimbo ule unamtukana ndege. Unamwambia anakula kama shemeji, aende shamba la jirani ambaye ni mvivu na bado amelala. Watoto wa huku wote wanaujua, wamekua nao.

Nilijua nitautoa. Bandi ni ya kutolewa.

Siku moja mchana nilitoka kwenda kula. Niliporudi nikamkuta Josia amekaa kwenye kiti changu, amechomeka flashi. "Mzee, wafadhili wanataka kuona chochote. Nimewachukulia kipande cha kaburini."

"Kina bandi hicho. Rudisha hapa."

"Nitawaambia muziki ni wa muda tu, mzee wangu, usiogope."

Akaondoka nacho. Akawaonyesha wafadhili, wakalia. Akaonyesha rafiki zake, wakalia. Akawa nacho kwenye simu, kila mahali anapokaa anakifungua. Mimi nilijua sikio lake limeshapita njia. Nilijua kama unavyojua mvua imepita pembeni.

Ndahani alipomaliza tukaita Josia asikilize. Ule muziki wa Yona mimi siwezi kuueleza kwa maandishi. Ulikuwa unaanza kama mtu anayeuliza, unanyamaza kabla hajajibiwa. Josia alisikiliza mpaka mwisho. Ndahani alikuwa ameshatoka kwenda kupumzika, Mungu alimsaidia.

"Ni mzuri sana," Josia akasema. "Lakini kuna kitu kimepotea."

"Hakuna kilichopotea. Kimefika."

"Ile ya mwanzo ilikuwa inanishika hapa, mzee. Hili zeze linakwaruza. Mtu wa Dar atadhani ni bawaba ya mlango."

"Ile ya mwanzo ni ya kufukuza ndege."

"Nani anajua?"

"Dodoma yote inajua!"

"Filamu haiendi Dodoma peke yake, mzee. Inaenda duniani."

"Na huyo mama anayelia anakaa wapi? Duniani?"

Simsemi kwamba hakuwa na moyo. Alikuwa nao, lakini ulishaingia kwenye wimbo wa ndege na hakuna mlango wa kutokea. Tulibishana siku ile, tukabishana na kesho yake. Nikamwambia tuwaite wanawake watatu sokoni tuwaonyeshe, akakataa. Nikamwambia kwamba alimshika mtu mkono. Akasema, "Sehemu nyingine zote ni zake, jina lake litaandikwa kubwa." Nikamwambia nitaacha kazi. Akasema, kwa heshima zote, kijana mwingine yupo tayari kumalizia. Na kweli alikuwepo. Mmoja wenu.

Nilipanda gari nikaenda Buigiri mwenyewe. Sipendi mtu asikie la kwake kwa watu. Ndahani nilimkuta anakaza nyuzi.

"Mbukwenyi," nikamsalimu.

"Mbukwa. Hatua zako nzito leo. Wameutoa?"

"Wameutoa."

"Wameweka nini?"

Nikamwambia. Hakupandisha sauti. Akagusa zeze, akaliweka chini, akasema, "Labda watu wataangalia machozi, hawatasikia wimbo." Mama Yona alikuwa anasikia kutoka jikoni. Aliendelea kupepeta.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Wakubwa wamekaa mbele, na watu wa Buigiri na vijiji vya Chamwino wameletwa na basi, kwa sababu kilikuwa kijiji chao na walitaka kujiona. Mimi nilikaa kati ya Ndahani na mkewe. Mwanzo watu walishangilia kila walipoona nyumba wanayoijua.

Tukafika kaburini. Mama Yona yuko kwenye ukuta mzima, mkubwa kuliko nyumba, anaingiza mkono kwenye udongo. Wimbo ukaanza.

Mwanamke mmoja nyuma akaguna. Halafu mwingine akacheka kwa pua, akijizuia. Halafu mama mmoja, hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa mzaha, akasema kwa sauti, "Jamani, wanamfukuzia ndege kaburini!" Ukumbi ukapasuka. Upande wote wa watu wa basi wakacheka, na watoto wakaitikia wimbo, maana ndivyo walivyozoea, ukianza unaitikia. Wakubwa wa mbele wakageuka hawaelewi. Kwenye ukuta mama anafukia mtoto wake na watu wanaimba anakula kama shemeji.

Ndahani akaniinamia. "Wanamcheka?"

"Wanaucheka wimbo."

"Na yeye yuko wapi kwenye picha?"

"Amepiga magoti."

Mama Yona alikuwa amejifunika kitenge mpaka machoni. Josia nilimwona amesimama mlangoni, rangi imemtoka. Baadaye alinijia akasema, "Mzee, wanaotoa tuzo hawatakuwa watu wa huku." Sijawahi kusema naye tangu siku hiyo. Na alisema kweli. Filamu ilisafiri, ikasifiwa, na kilichosifiwa sana ni ule muziki wa kuomboleza wa wanawake wa Kigogo.

Ningeishia hapo mngesema mzee amemkasirikia kijana aliyemshinda. Hapana. Ingekuwa hivyo ningeshasahau, nimegombana na wengi.

Baada ya hapo filamu ikaingia kwenye televisheni. Wanairudia sana, hasa sikukuu. Mimi nikaacha kazi. Lakini ile sauti ya Ndahani nilikuwa nayo, nzima, na picha nilikuwa nayo. Nikasema kuna jambo moja naweza kulinyoosha kabla sijafa. Nikawasha kompyuta yangu ya zamani, nikafumua bandi. Nikatoa ndege wote, nikaweka zeze mahali pake, kila mkato pale pale Ndahani aliponielekeza. Ilikaa. Wallahi, kama Bi. Zuhura alivyokuwa akiapa, ilikaa. Nilijiona fundi.

Nikaibeba kompyuta kwenye mfuko, nikaenda Buigiri asubuhi. Nikawaambia nimewaletea kitu chao. Tukaweka kompyuta juu ya stuli mlangoni, kivulini. Mama Yona akakaa mbele karibu kabisa, Ndahani nyuma yake.

Ikaanza. Ndahani aliposikia zeze lake akainua uso, akatulia. Mama Yona aliangalia. Nikawa namwangalia yeye, nikingoja. Uso wake ulianza kukunjamana, lakini siyo kwa kulia. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Sauti imekosewa," akasema.

"Haijakosewa, mama. Ndiyo yenyewe. Ni ya Baba Yona."

"Najua ni ya Baba Yona. Unanifundisha mimi? Niliisikia mtoto yuko mgongoni." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Lakini hapo siyo. Wale wanawake wako wapi?"

"Wale wa ndege?"

"Wale wa ndege, ndiyo. Kwa jirani wakiiweka naenda kuangalia kila mara. Sina mahali pengine pa kumwona mwanangu, kaka, hata kama yule si yeye. Nimemlilia na wale. Sasa umewatoa, umeniacha hapo peke yangu." Akaangalia tena, akatikisa kichwa. "Nirudishie."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maneno yote, haya haya niliyowaandikia nyie, ya bandi na sikio na njia. Nitamwambia nini mama kuhusu kaburi lake? Nikatazama kwa Ndahani anisaidie.

Ndahani alikuwa anapapasa ukutani. Akashusha zeze, akalegeza uzi mmoja, akaujaribu. Akaniambia, "Weka ile yao."

Nikaiweka. Wanawake wakaanza kuimba kutoka mbali, na yeye akawatafuta kwenye nyuzi, akawakosa, akawapata. Akapiga wimbo wa ndege chini ya sauti zao mpaka kaburi likafukiwa. Mama Yona akalia vizuri, kwa utulivu, akajifuta, akaenda kututengenezea chai.

Tulipobaki wawili nikamuuliza Ndahani, ule wa Yona sasa atakuwa anaupigia wapi.

"Wapi tena? Mahali pake pameshakaliwa," akasema, akaulizia kama gari langu la saa nane limeshapita.